Sahani ya Mgeni

Mdogo wangu aliondoka Johannesburg mwaka 2015, baridi ilipoanza, akiwa na begi moja na mashine zake za kunyolea. Aliniambia atarudi akishapata pa kujishikiza. Hilo ndilo nililolingojea miaka yote ninayoisimulia hapa. Nilishona mapazia, nilipika, nilikwenda sokoni na kurudi, lakini sikio langu moja lilibaki getini.

Tulikuwa tumepanga chumba cha uani huko Troyeville, kwa bibi mmoja Mpolandi, mjane. Siku tuliyokwenda kukiona alituuliza kwa Kiingereza tunatoka wapi. Nikasema Tanzania. Sehemu gani ya Tanzania? Nikasema Arusha, kwa sababu ukishasema Arusha mzungu hutikisa kichwa na maswali yanaisha. Yeye hakuishia hapo. Arusha wapi? Mdogo wangu akanitangulia kujibu kwamba ni Tengeru. Bibi alishika fremu ya mlango, akatutazama, kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani, "Hodi."

Tukaitikia karibu, wote wawili kwa pamoja, ingawa nyumba ilikuwa yake. Chumba tulikipata siku hiyohiyo.

Alikuwa ameishi Tengeru utotoni, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, katika kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Sisi tuliokulia pale tunayajua makaburi yao. Tulikuwa tukiyapita na kushindana kusoma majina yaliyotushinda wote. Mama yake bibi amezikwa humo. Baba yake hajazikwa popote panapojulikana: askari walimchukua nyumbani kabla mke na mtoto hawajapakiwa kwenye treni ya kwenda kwenye baridi ya Urusi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona.

Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa kambini. Hodi, karibu, ndizi, maji moto, lete, haraka. Nilimtania kwamba hicho si Kiswahili cha kuzungumza, ni cha kuagiza. Mengine yote tuliongea kwa Kiingereza, cha kwake kikiwa kimevunjika upande mmoja na cha kwangu upande wa pili.

"Wale akina mama wa ndizi," alituuliza jioni moja tukiwa jikoni kwake, "kwa nini walikuwa wanaita hodi mara tatu halafu wanaondoka? Mama yangu alikuwa mgonjwa wa miguu. Akifika mlangoni, wao wameshafika barabarani."

Mdogo wangu ndiye aliyemweleza. Baba yetu, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Tengeru kuuza vitunguu, alitulea hivyo na hakuwa na mzaha: unabisha hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka, tena bila kinyongo. Mwenye nyumba ana sababu zake. Ukiita mara ya nne umekosa adabu.

"Sasa mama angefanyaje?" bibi akauliza.

"Angejibu tu karibu akiwa kitandani," mdogo wangu akasema. "Wangengoja mpaka asubuhi."

Bibi alilirudia neno hilo mara kadhaa, karibu, karibu, akacheka, akasema amejifunza njia ya kupata ndizi baada ya kuzeeka.

Mdogo wangu alikuwa na kibanda cha kinyozi upande wa Jeppe. Mwezi wa nne mwaka ule, vurugu dhidi ya watu wa nje zilipolipuka, kundi lilikuja likavunja vioo, likabeba viti, likang'oa hadi taa. Alitokea mlango wa nyuma akapona. Kilichomkata maini ni kwamba mmoja wao alikuwa mteja wake, alikuwa amemnyoa Jumamosi huku wakibishana habari za mpira. "Dada, alinitazama usoni," aliniambia. Hilo alilirudia siku nyingi, hata pale tulipokuwa tunaongea mambo mengine kabisa.

Ndipo akaondoka. Mtu alikuwa amemwambia Rustenburg kuna kazi, wachimba madini hawaachi kunyoa. "Usijali, dada. Nitakuwa sharp, nitakuwa salama." Alipiga simu mara chache, kisha namba yake ikawa haipatikani. Ya kwangu nayo ikapotea, simu iliponyakuliwa dirishani teksi yetu ikiwa imesimama kwenye robot, taa za barabarani. Nilimuulizia Mayfair, kwenye msikiti aliokuwa akiswali Ijumaa na kwa Wasomali wenye maduka kandokando yake. Nilikwenda Rustenburg nikazunguka nikiwaonyesha watu picha yake mpaka nikaona haya. Hakuna aliyemjua. Nilirudi nikalia, nikaosha uso, nikashona.

Kwetu mtu wa nyumbani akichelewa, chakula chake kinapakuliwa na kufunikwa. Kila jioni nilipika, nikampakulia, nikafunika. Asubuhi nilimpa kile kiporo mzee aliyekuwa akilinda magari mtaani petu. Mwenyewe sikuweza kukila. Niliona kwamba siku nitakayokila nitakuwa nimekubali kwamba mwenyewe haji.

Mkesha wa Krismasi mwaka uleule bibi aliniomba nimsaidie kupika. "Hakuna nyama jioni hiyo," alinitoa wasiwasi, "si nguruwe, si nyingine yoyote." Palikuwa na samaki, supu nyekundu ya bitiruti, na vitu kama sambusa za kuchemsha vilivyojazwa viazi na kabichi. Chini ya kitambaa cha meza alitandaza majani makavu, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya sungura, maana kwao meza ya jioni hiyo lazima ikumbuke hori alimozaliwa Yesu. Mgeni wake alikuwa mmoja, fundi magari Mserbia aliyekaa Bezuidenhout Valley, mtu mnene na mpenda utani. Krismasi ya kwao, kwa kalenda ya kanisa lao, huja mwezi wa kwanza, kwa hiyo alikuwa akila Krismasi mbili kila mwaka na wala haoni aibu.

Tulikuwa watatu, lakini sahani zilikuwa nne. Hakiliwi kitu mpaka nyota ya kwanza ionekane, na Johannesburg ya mwezi wa kumi na mbili jioni hujaa mawingu ya mvua. Bibi na fundi walikwenda dirishani kubishana kama kile kilichowaka kule juu ni nyota au ndege inayokwenda kutua. Mimi nilibaki naitazama sahani ya nne. Nikajua kuna mtu kachelewa. Nikapakua samaki, viazi, na zile sambusa zao, nikaifunika kwa sahani nyingine.

Bibi aliporudi alisimama akiwa ameshika kiti chake. "Umefanya nini?"

"Nimemwekea chakula chake."

"Nani?"

"Huyo ambaye hajafika."

Fundi alianza kucheka, bibi akamnyamazisha kwa mkono. Akanieleza. Sahani ile ni ya mgeni asiyealikwa, na huachwa tupu. Anaweza kuwa mpita njia, anaweza kuwa marehemu, anaweza kuwa mtu aliyepotea. Mama yake aliiweka hata Tengeru, sahani ya bati, wakati za kwao wenyewe hazijai. Aliiweka kwa ajili ya baba.

"Na akija anaikuta tupu?" Nilipandwa na hasira, hata sasa sijui ilitoka wapi. "Mtu katembea, ana njaa, mnampa sahani tupu?"

"Tunamgawia katika chakula chetu."

"Kwetu hangoji kugawiwa. Anakikuta kimefunikwa."

Bibi alikaa. Aliinua ile sahani ya juu, akatazama chakula, akafunika tena. "Maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kuona kitu ndani ya sahani hii." Machozi yakamtoka, na fundi akaacha kutafuta nyota.

Ndipo wakaanza kuniambia habari za lile neno lenyewe, nadhani ili bibi apate pa kujificha. Fundi alisema kwao mgeni ni gost. Bibi akasema kwao ni gość, na mwisho wake unasikika kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Mumewe, aliyekuwa Mcheki na mwalimu wa lugha, alisema host, kwa kuwa g ya kale Wacheki waliigeuza kuwa h. Warusi nao husema gost, ila humalizia kwa ulimi laini. Ukimweka Mpolandi, Mserbia, Mcheki na Mrusi kwenye meza moja watagombana kuhusu mipaka, kanisa na namna ya kutengeneza supu, bibi alisema, lakini akibisha mtu mlangoni wote watamwita kwa neno moja.

Mumewe alikuwa amemweleza kwamba neno hilo ni kongwe kuliko mataifa yao yote. Mwanzoni lilimtaja mtu wa nje tu, yule usiyemjua, ambaye wewe na yeye mna wajibu wa kupokeana. Kwa Warusi wa zamani lilimtaja pia mfanyabiashara aliyetoka mbali. Waingereza na Wajerumani wanalo ndugu yake, na kwao pia ni mtu wa kukaribishwa. Warumi wa kale walikuwa nalo vilevile, lakini huko lilikwenda likaishia kumtaja adui.

"Tumbo moja," bibi akasema. "Mmoja kafika mezani, mwingine kafika vitani."

"Kwetu limefika kanisani," fundi akadakia. Wao Mungu humwita Gospod, na mwenye nyumba ni gospodar. Bibi akamwambia kwamba hata hayo, kwa maoni ya wataalamu wengi, yametoka humohumo: maana yake ilikuwa bwana wa wageni, yule mwenye kupokea. Fundi alikuwa hajui. Akasimulia kwamba kwao kila ukoo una siku ya mtakatifu wake, na siku hiyo hawaaliki mtu. Ukialika umeharibu. Mlango unaachwa wazi, anayekuja anakuja.

"Mlango wa hapa Johannesburg?" nikamuuliza.

Akacheka, kwa sababu tulijua wote kwamba nyumba yake ina mbwa wawili na waya za umeme juu ya ukuta.

Nikawaambia kwamba sisi nasi tuna letu linalosafiri. Mimi nasema mgeni, Mganda husema omugenyi, na mama Mvenda aliyekuwa akiuza nyanya kwenye kona yetu alisema mueni. Bibi akaniuliza kama la kwetu nalo limewahi kuwa adui. Nilimfikiria mdogo wangu na vioo vyake. Nikamjibu kwamba neno halina kosa, ni watu, na tukaendelea kula.

Kuanzia jioni ile, kila mkesha wa Krismasi sahani ya mgeni ilijazwa na kufunikwa. Bibi alimwekea baba yake, mimi nilimwekea mdogo wangu, na wote wawili walikula sahani moja. Asubuhi nilimpelekea mlinzi wa magari.

Miguu ya bibi ilianza kumwacha mkono, kama ya mama yake. Kufikia mwaka 2018 alikuwa akishinda kitandani, kwenye chumba cha mbele. Akili yake ilikuwa nzima, ila Tengeru ilikuwa inamrudia. Nilikuwa nikimkuta asubuhi akiniambia akina mama wa ndizi wamepita, au kwamba amesikia kengele ya shule ya kambini. Nilimwacha. Nami nilikuwa na mtu ninayemsikia kila geti linapolia.

Mwezi wa tatu mwaka 2019 mgao wa umeme ulirudi kwa nguvu. Siku moja nilipeleka mapazia Randburg, kwa familia ya Wakenya, mume akifanya kazi benki. Mke hakulipenda pindo, nikalifumua na kulishona upya palepale kwa mkono. Pindo lile nalichukia mpaka leo. Nilipofika mtaani kwetu alasiri, Msomali mwenye spaza, kiduka cha mtaani, mkabala na nyumba yetu alitoka nje kunilaki. Alikuwa ameishi Nairobi zamani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Dada, ndugu yako alikuja hapa."

"Ndugu yangu yupi?"

"Yule wa kunyoa. Amekonda sana, lakini ni yeye. Aliniuliza kama bado unaishi kwa ile nyumba, nikamwambia ndio, enda tu. Stima ilikuwa imepotea, kengele haiwezi lia. Nikamsikia anapiga hodi pale geti. Akarudi, akasema hakuna mtu, pengine umehama. Nikamwambia angoje, lakini kulikuwa na gari inamngoja, watu wanapiga honi. Eish, dada. Nilikuwa na wateja."

"Alipiga hodi mara ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. "Kama mara tatu hivi. Sikuhesabu."

Simu mdogo wangu hakuwa nayo, na hakusema anakwenda wapi. Alikuwa amemwachia Msomali kifurushi kidogo anipe. Ndani yake mlikuwa na sindano za cherehani, namba ileile ninayotumia kwa vitambaa vizito. Miaka yote hiyo hakuisahau. Nilikimbia hadi barabara kuu nikiwa nimezishika mkononi, ingawa Msomali alishaniambia gari limeondoka tangu mchana.

Nilipoingia chumbani kwa bibi nilimkuta amechangamka.

"Leo nimesikia wazi kabisa," akaniambia. "Mwanamume, safari hii. Hodi, hodi, hodi. Na mimi sikumwacha aende kama mama alivyokuwa akiwaacha. Nilimjibu hapahapa kitandani, kama kijana alivyonifundisha."

"Ulimjibuje?"

"Karibu," akasema. "Karibu."

Aliitamka kwa sauti yake ya siku hizo, ambayo haikufika hata kwenye pazia. Kutoka pale kitandani hadi getini kulikuwa na dirisha la nondo, kibaraza, bustani ndefu na bati la chuma.

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba kila mwaka anamwandalia mgeni sahani, na mgeni amekuja, na yeye amelala anaongea na wafu. Nilimwambia kwamba watu wa kwao wana neno zuri sana la kumwita mgeni na geti zuri sana la kumfungia nje. Alikuwa bado hajaelewa. Nilimwona akielewa, na sitaki kukiona hicho tena usoni kwa mtu yeyote.

"Alikuwa kijana?" akauliza. "Kijana wetu?"

Nilitoka chumbani.

Nimetafuta wa kumlaumu mpaka nimechoka. Kuna baba na hodi zake tatu. Kuna umeme. Kuna bibi, aliyefanya neno kwa neno alichoelekezwa. Lakini niliyemkasirikia kupita wote ni mdogo wangu mwenyewe. Nani katika mji huu anabisha hodi kwenye geti la chuma, halafu anaondoka kwa heshima? Angepiga mateke. Angetupa jiwe juu ya bati. Watu waliovunja kibanda chake hawakubisha hata mara moja, na yeye, mlangoni kwa dada yake wa tumbo moja, akaona haya kuita mara ya nne.

Nilikwenda tena Rustenburg na kurudi mikono mitupu. Miezi ikapita. Nilimpikia bibi, nikamuogesha, nikamgeuza kitandani, lakini maongezi yetu yalikwisha. Mwezi wa tisa vurugu zikazuka tena mjini, nikashinda ndani nikiwaza yuko wapi na nani amemfungulia.

Mkesha wa Krismasi ulipofika nilidhani hatutaandaa chochote. Bibi alimwita fundi kwa simu. Akaja, akambeba na kiti chake hadi mezani. Nilikuwa nimepika, kwa sababu siku ile singejua la kufanya na mikono yangu. Bibi alipokwisha kuketi alimwambia fundi, "Nenda ukafungue geti."

"Nani anakuja?"

"Fungua lote, uliache wazi."

"Bibi, hii ni Johannesburg."

"Kwenu, siku ya mtakatifu wenu, mlango mnaufanyaje?"

Fundi alinitazama, nikatazama pembeni. Akaenda. Tulisikia geti likisukumwa mpaka mwisho, sauti ambayo nyumba ile haikuizoea. Aliporudi alikuwa na spana kubwa ya magurudumu, akailaza chini ya kiti chake, nami nikajifanya sijaiona.

Sahani ya mgeni bibi aliipakulia mwenyewe. Supu ilimwagika kwenye kitambaa, na hakutaka kusaidiwa. Alipokwisha kuifunika alisema, "Baba yangu hawezi kuja tena. Hii ni ya kijana peke yake."

Tulikula tukilitazama geti. Kila gari lililopunguza mwendo lilitufanya tuache kutafuna. Mwanamume mmoja alipita kwa miguu, akaona geti wazi, taa zinawaka, watu watatu wamemkodolea macho, akaharakisha. Nadhani alituogopa. Bibi alisema karibu, kwa ile sauti yake, na mtu yule alikuwa ameshafika kwa Msomali.

Chakula kilipokwisha hakuna aliyesema tufunge. Nikaenda mwenyewe. Nilisimama nje, katikati ya barabara, nikaita karibu kwa sauti yangu yote, upande wa juu wa mtaa, kisha upande wa chini, kisha tena. Mbwa wa jirani walibweka. Nikaingia, nikalivuta geti, nikalifunga.

Asubuhi bibi aliniuliza kama nimeshampelekea mlinzi wa magari chakula chake. Nikamwambia hapana, nimekila mimi. Samaki alikuwa amekauka kidogo kwenye kingo. Bibi aligeukia ukutani, nami nikaziosha zile sahani mbili, nikazirudisha kabatini.